Kiwashio Ndani ya Kikwembe

Haya alinisimulia jirani yangu wa Ruashi, Wivine. Aliamua Peugeot kuukuu ya marehemu mumewe, Léonard, ifanye kazi ya taksi, watoto wapate kula, akaipeleka kwa fundi Paluku aitie tundu la kuchajia simu.

“Mama, hii kiwashio ya sigara itoke, chaji ikae pale. Nani angali anavuta?”

“Mwenye alikuwa anavuta alishakufa. Toa.”

Nyumbani alikifunga kiwashio katika kikwembe alichovaa wakati wa kilio, akakifungia kabatini. Jioni umeme ukakatika. Gizani akasikia tak!, mlio wa kiwashio kilichopata moto, kama zamani Léonard alipomngojea garini nje ya kanisa.

Alifungua kabati. Kikwembe kilikuwa kimeungua duara dogo, na ndani yake kiwashio kingali chekundu.