Kitambaa cha Meza ya Viti Vinne

Kila siku alipotoka shuleni, Kimya alifanya mambo yale yale. Alivua viatu mlangoni, akachungulia chumbani kwa mama yake, akampashia chakula na kumpelekea kitandani. Kisha alirudi sebuleni kula chake peke yake, kwenye meza yenye viti vinne.

Jina la Kimya alibandikwa na wenzake darasani, maana maneno yalikuwa hayamtoki. Nyumbani nako hakukuwa na wa kuzungumza naye. Baba alikuwa dereva wa lori, akiondoka ameondoka, miezi inapita. Dada yake alikuwa ameolewa mji mwingine. Mama naye, wiki sita nyuma, aliteleza kwenye ngazi akavunjika mfupa wa mguu, na tangu siku ile alilala na mguu juu ya mto, umefungwa plasta nzito. Dawa za maumivu zilimlaza mchana kutwa. Kimya alikula akisikiliza kijiko chake mwenyewe kikigonga sahani.

Daktari alikuwa ameahidi kwamba mwisho wa mwezi, mfupa ukiwa umeunga, ataitoa plasta. Basi Kimya akajipa kazi. Siku mama atakaporudi mezani atakuta kitambaa kipya, chenye ua mbele ya kila kiti. Hata viti visivyo na watu.

Mwalimu wa sanaa alikuwa amewafundisha. Unachora umbo kwenye kitu kigumu kisicholowa, unalikata kwa wembe libaki tundu, kisha unapitishia rangi ya kitambaa kwenye tundu hilo kwa sponji. Kile chenye tundu mwalimu alikiita stensili. Alisema karatasi ya kawaida hulegea upesi, bora picha ya eksirei ambayo haina kazi tena. Alimpa Kimya vikopo viwili vya rangi iliyobaki, ya bluu na ya manjano. Shuka jeupe lilikuwemo kabatini.

Juu ya kabati hilo ilikuwepo bahasha kubwa ya kaki, na ndani yake picha ya eksirei ya mguu wa mama. Kimya aliiinua dirishani, akauona mfupa na ufa wake. Mguu si unapona, alijiambia, picha ya nini tena? Moyo ukamwambia aulize kwanza. Mama amelala, akaujibu moyo, ingawa alimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Akakata. Ua la petali tano, katikati kabisa ya picha. Zile petali alizokata hakuzitupa, alizitia kwenye mkebe wake wa jiometri.

Alitandaza magazeti mezani, akalipiga shuka pasi, akabandika stensili kwa selotepu isihame hata kidogo. Ua la kwanza lilivuja, kwa sababu aliilowesha sponji mno. La pili alipunguza rangi, akawa anagongagonga polepole badala ya kusugua, nalo likatoka safi kama lililopigwa muhuri. Alipomaliza la nne aligeuka kumwonyesha mtu, akavikuta viti tu vinamtazama. Rangi ilipokauka alikunja kitambaa, akakificha chini ya kitanda chake pamoja na picha na bahasha yake.

Siku moja kabla ya kliniki, mama alimwita.

"Mwanangu, hebu niletee ile bahasha ya kaki. Daktari anataka picha ya kwanza ailinganishe na mpya. Asipoiona haitoi plasta, anasema hawezi kubahatisha."

Kimya akajifanya anatazama juu ya kabati. "Sijaiona, mama."

Mama akachukua magongo yake, akaanza kutafuta mwenyewe. Alifungua droo, akapapasa juu ya kabati, akayumba mpaka akaudaka mlango. Mwishowe aliketi ukingoni mwa kitanda akihema.

"Basi nimeisahau kwenye teksi," alisema. "Kichwa changu siku hizi kimekuwa chekecheke. Nimejikosesha mwenyewe."

Angegombezwa, Kimya angeweza kuvumilia. Lakini kumsikia mama akijilaumu kwa kosa lisilo lake kulimshinda. Alikwenda chumbani kwake, akarudi na kitambaa, akakitandaza juu ya blanketi. Juu yake akaiweka picha yenye tundu.

"Hukuisahau, mama. Niliikata mimi. Na nimekudanganya."

Mama alipitisha kidole juu ya ua moja, kisha jingine. "Uliikata lini?"

"Juma lililopita, ulipokuwa umelala." Kimya akainamisha kichwa. "Hukuwa umelala. Nilikusikia ukikohoa."

"Na vipande viko wapi?"

Kimya akaukimbilia mkebe. Jioni hiyo waliisafisha picha kwa tambara lenye maji na sabuni kidogo, wakazirudisha petali moja moja, wakizishika kwa selotepu. Petali ya nne ilikataa kukaa mpaka mama alipogundua kwamba wameigeuza juu chini, na wote wawili wakacheka. Zilikuwa wiki saba tangu nyumba ile isikie kicheko.

Kesho yake daktari aliiweka picha mbele ya taa, akavua miwani, akaivaa tena. Alisema ameona mifupa ya kila namna, lakini uliochanua hajawahi kuuona. Kisha akailinganisha na picha mpya, taratibu, mpaka akatikisa kichwa kukubali. Ufa ulionekana vya kutosha. Mfupa ulikuwa umeunga. Plasta ikatolewa.

Kimya alikipiga kitambaa pasi upande wa nyuma, kama alivyofundishwa, ili rangi isitoke kikifuliwa. Alipokitandika mezani, mama alikuja kwa gongo moja, akachagua kiti chenye ua lililovuja. Kimya akaelekea kiti cha ng'ambo. Mama akamwashiria akivute kiti, akae ubavuni pake.

"Picha tumeiunga," alisema. "Ungeendelea kunificha, ningeondoka hospitali na plasta yangu, na wewe na siri yako. Nilikuwa nyuma ya ukuta tu, mwanangu, natazama dari, natamani mtu aniite. Ukiwa na jambo, zuri au baya, usikae nalo peke yako. Gonga ukuta."

Kimya akasogeza sahani yake karibu na ya mama. Kisha akaanza kusema, na chakula kikapoa hajamaliza.