Makumbi Yaliyoziba Mtaro

Kila akitoka skuli, Mwamvua alikuwa na kazi moja: kuchukua makumbi ya nazi hadi pwani, kuyafukia kwenye matope na kuyakandamiza kwa mawe. Yakishaoza, baada ya miezi kadhaa, shangazi yake, Bi Mashavu, huyaponda akapata nyuzi za kusokotea kamba. Nyumba yao ya Kikwajuni ilikula kwa kamba hizo. Lakini Mwamvua alikuwa mwepesi wa mdomo kuliko wa miguu.

"Pwani mbali, na matope yananuka," alimwambia rafiki yake Mize. "Nnayatia hapa mtaroni. Maji ni maji, yataoza vilevile."

"Bila ya mawe?"

"Mawe ya nini? Yatakwenda wapi?"

Akayamwaga, kapu baada ya kapu. Jioni shangazi akiuliza, hujibu bila kupepesa macho, "Nshayafukia, shangazi."

Masika ya mwaka 1954 yakaingia kwa vishindo. Asubuhi moja mvua ilinyesha hata mtu hasikii anachoambiwa. Makumbi yakaelea, yakasukumana mpaka kwenye kidaraja cha mtaa, yakabanana hapo. Maji yakakosa njia, yakarudi nyuma mpaka kwenye kibanda cha udongo cha jirani yao Bi Tabia, kizee aliyekuwa kitandani kwa homa.

"Ukuta unamomonyoka! Mtoeni!" watu walipiga kelele. Machano, mchukuzi wa bandarini, akaingia akambeba mgongoni. Hawajafika barazani kwa Bi Mashavu, ukuta ukaanguka juu ya kitanda.

Watu wakakimbilia kidarajani. Machano akaokota kumbi, akamtazama Bi Mashavu.

"Bibi, mtaa huu nani anayesokota kamba ila wewe?"

"Wallahi si yangu!" Bi Mashavu alifoka. "Yangu yamefukiwa pwani. Mwamvua, waambie!"

Mwamvua alitamani ardhi immeze. Shangazi yake alikuwa ameapa mbele ya mtaa mzima, naye hakuweza kumwacha aonekane mwongo.

"Ni yetu, shangazi. Sikuyapeleka pwani hata siku moja."

"Lahaula! Mtoto wewe, umenichosha! Kila siku nakuuliza, kila siku unaniitikia! Haya, ingia majini!"

Mwamvua akaingia, maji yakamfika kiunoni. Yeye, shangazi na majirani wakayang'oa makumbi mpaka maji yakapata njia, yakashuka.

Mvua ilipotulia, watu walikusanyika kumkandikia Bi Tabia ukuta mpya. Mwamvua alikanyaga udongo mpaka miguu ikawaka moto, huku shangazi akimsimamia, bado amenuna.

"Ungeniambia umechoka, ningekwenda mwenyewe," alisema Bi Mashavu. "Uvivu wako ningeuvumilia. Lakini mtu akiambiwa kazi imekwisha, haendi tena kuitazama. Mimi sikwenda kutazama, Mwamvua, kwa sababu nilikuamini. Na kidogo tu, tungemzika Bi Tabia."