Mia kwa Kila Swali

Asubuhi ile soko la Sake lilikuwa limefurika. Malori yaliyoogopa vita vya barabara ya Walikale yalishusha mizigo yote pale, na ukungu wa ziwa ulipita taratibu kati ya watu. Kanyere, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, alikuwa anapanga vikwembe, vitenge vya kuuza, mbele ya duka alipomwona kijana wa shati jeupe akimtazama miguuni, kwa muda mrefu, bila aibu.

“Papa, sura yangu iko huku juu,” Kanyere akamwambia.

Kijana akacheka. Alikuwa Védaste, mwana wa wakulima wa Karuba, na alifanya kazi katika karakana ya miguu ya bandia huko Goma. Chini ya kikwembe cha manjano alichojifunga Kanyere, alikuwa ametambua hatua ya mguu wa plastiki. Mguu wenyewe Kanyere aliupoteza kwa risasi, akipeleka mali Kibua.

Tangu hapo Védaste akawa anapita kumpima. Hakupima goti, alipima kujiamini. Kutoka sifuri mpaka mia, una hakika kiasi gani kwamba hutaanguka watu wakikusukuma sokoni? Ukipanda pikipiki? Ukishuka kilima cha Karuba chenye tope?

Kanyere alijibu mia kwa kila swali. Alikulia dukani, ambako mteja akiuliza kama kitambaa kinachuja, jibu ni hakichuji. Isitoshe, Védaste alikuwa ameanza kusema angependa kumpeleka kwa mama yake, huko huko Karuba.

Jioni walipigiana simu. Védaste alimwita chérie; Kanyere alimwita daktari wa tope, na kicheko chake kililainisha hata milio ya mbali ya bunduki milimani.

Kisha siku moja Védaste akapiga akiwa Walikale, alikotumwa na karakana kupima wagonjwa wengine.

“Chérie, wewe umepona. Wenye kuanguka njo niko nafuata sasa.”

Alikuwa anamsifu. Kanyere alisikia anaachwa. Tangu hapo simu ikiita, aliifunika chini ya vikwembe, akalala akiota shati jeupe linapotelea kwenye ukungu.

Barabara ilipofunguka, lori lilisimama ng’ambo ya duka, mvua ikinyesha. Védaste akashuka, akabaki pale pale akimngoja, kama mtu amngojavyo mwenye miguu miwili mizima. Kati yao palikuwa na tope jeusi, na wauza maharage wote walikuwa wanatazama. Siku nyingine Kanyere angepita akishika ukuta. Leo alikwenda moja kwa moja. Katikati, mguu ukateleza, akaanguka chali.

Védaste akakimbia. Kanyere akainua kiganja.

“Usiniinue kwanza. Angalia namna naangukaka. Zile mia zote nilikudanganya. Hata kuoga, naoga nimeshika ukuta.”

Védaste akachuchumaa topeni, suruali yake ya safari ikilowa.

“Mama aliniuliza kama mukwe wake ataweza kilima. Nikamujibu unashuka kunipita mimi.”

“Na sasa utamuambia nini?”

“Kwamba tutajenga hapa Sake, kwenye iko tambarare. Yeye njo atashuka kutuona.”

Kanyere alimtazama, maji ya mvua yakimtiririka shingoni, na kwa mara ya kwanza hakutafuta jibu la dukani.

“Niko naogopa, Védaste.”

“Hata mimi.”

“Basi leta mukono. Halafu uanze kutafuta mbuzi za mahari za Papa yangu.”