Udongo wa Kuzibia Tanuri

Kila alfajiri Shifaa aliamshwa na mlio wa mikono ya mama yake ikipiga unga. Pah, pah, pah. Bi Umulkheir alikuwa muoka mikate ya mofa, na nusu ya mtaa ilifungua kinywa kwa mkate wake. Aliukanda unga wa mtama, akaufanya viduara, kisha akainama juu ya tanuri la udongo na kuvibandika ndani ukutani, huku joto likimpiga usoni. Mume wake alikuwa Mombasa, akifanya kazi bandarini. Nyumbani walikuwa wawili tu, mama wa kuoka na Shifaa wa kupeleka vikapu milangoni kabla ya skuli.

Siku hizo mlio ulikuwa umebadilika. Pah, kisha kimya. Pah, kisha pumzi ndefu. Shifaa alianza kuamka kabla ya wakati, akatega sikio gizani akingoja pigo linalofuata. Hata skuli hakutulia. Mwalimu alisema hili na yeye akawaza lile.

"Mama, umechoka?"

"Nimekaa nipate pumzi tu. Nenda, mikate yapoa."

Bi Tima, shangazi yake Shifaa, naye alikuwa ameona. Jioni moja alikuja na bakuli la uji wa ngano, akaliweka chini, akasema alichokuja kusema.

"Umulkheir, uso umekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Na Maulidi yaja, wageni watajaa mji mzima, wote wataka mkate. Mtoe mtoto huyu skuli akusaidie. Kusoma jina lake ameshajua, ataka nini tena?"

"Ngoja kidogo, wifi. Zahanati wamenipa vidonge vya madini ya chuma, vya kuongeza damu."

Kabla ya vidonge alikuwa amekunywa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Maalim aliyemwandikia ndiye aliyemsisitizia aende zahanati pia.

"Kombe umekunywa, vidonge umemeza, na ngazi bado waipanda kwa kushika ukuta," alisema Bi Tima. "Vidonge vikisha na hali ni hii, Shifaa abaki nyumbani."

Mama aliinamisha kichwa. Shifaa aliijua ishara ile. Ilikuwa nusu ya kukubali.

Pembeni mwa tanuri palikuwa na chungu kilichovunjika mdomo, na ndani yake udongo laini uliofunikwa kwa kitambaa kibichi. Ulikuwa wa kuzibia nyufa za tanuri. Shifaa aliona unapungua kila siku, lakini ufa mkubwa ulibaki pale pale ukitoa moshi. Alimshuku panya, akamshuku na paka wa jirani. Kisha asubuhi moja alirudi kuchukua kikapu alichosahau, akamkuta mama amekaa nyuma ya tanuri, amemega kipande cha udongo ule, anakitafuna huku amefumba macho kama mtoto aliyepewa halua.

"Mama."

Bi Umulkheir alijifuta midomo haraka. "Moyo wautaka tu, mwanangu. Nikiulowesha, harufu yake hainiachi. Usimwambie mtu. Tutachekwa."

Shifaa aliahidi. Tangu hapo kila alipopita penye chungu kile aligeuza uso.

Vidonge vilipokwisha walikwenda zahanati pamoja. Mama alikuwa akisimama kila baada ya nyumba chache. Kwenye baraza moja mzee mmoja aliwaona, akainuka bila kuuliza neno, akakipangusa kiti chake kwa kanzu ili mama apumzike.

Bwana Gharib, dresa aliyetibu wagonjwa pale zahanati, alitazama ndani ya kope za mama. Akamtoboa kidole, akaligusisha tone la damu kwenye karatasi, akalilinganisha na rangi zilizochapwa.

"Damu haijapanda. Vidonge umemeza?"

"Vyote, kwa chai."

"Na chakula je?"

"Alhamdulillahi," mama alisema, akijiweka sawa. "Samaki, maini, mboga. Hatukosi kitu."

Shifaa aliushika mkono wa mama. Bwana Gharib akiamini, atatoa vidonge vile vile, mama ataendelea vile vile, na skuli itakwisha. Na kama mama ataanguka siku moja kwenye mdomo wa tanuri?

"Samaki namla mimi," alisema. "Mama husema ameshiba. Yeye hula vipande vya mkate vilivyoungua, kwa chai nyeusi, nzito. Na udongo wa tanuri."

Mama aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Shifaa, akajifunika uso kwa buibui.

Bwana Gharib hakucheka. Aliinuka, akaurudisha mlango, akasogeza kiti karibu.

"Bi Umulkheir, si wewe wa kwanza. Wanawake wengi damu ikipungua hutamani udongo. Lakini udongo huzuia chuma kuingia mwilini, na waweza kukutia minyoo, safura, yaani huu upungufu wa damu, ikazidi. Chai nayo ikinywewa pamoja na chakula au vidonge huzuia vile vile. Nitakupa dawa ya minyoo. Vidonge vimeze kwa maji ya ndimu, chai iwe baadaye. Samaki, maini, kunde na mchicha ule na wewe. Na usizidishe vidonge ukitaka kupona haraka, wala usiviweke mahali mtoto mdogo atavifikia."

Njiani kurudi mama alijishikiza ukutani, mkono wa Shifaa akaukataa. Lakini chakula kilipoiva, mama alimkata samaki katikati, akamsogezea Shifaa nusu, na nusu ya pili akaila mwenyewe mpaka mwiba. Baadaye akamwita Bi Tima, akamweleza yote kwa mdomo wake.

Bi Tima alimsikiliza. Kisha akavua buibui, akakunja mikono ya nguo. "Haya, nionyeshe kukanda. Ila uwaambie wateja mapema, mikate yangu itakuwa migumu kama makubadhi ya ngozi."

Nguvu hazikurudi kwa siku moja. Zilirudi kidogo kidogo, kama maji yanavyojaa. Maulidi yalipokaribia, Shifaa aliguswa bega asubuhi moja. Alikuwa amelala fofofo, na chini Bi Tima alikuwa akipanga vikapu.

"Amka, utachelewa skuli," alisema mama. Mkononi alikuwa na kile chungu, kimejaa udongo mpaka juu. "Kwanza uzibe ule ufa."

Shifaa aliupaka udongo, akaulainisha kwa kidole. "Mama, bado umenikasirikia?"

"Siku ile nilikasirika," alisema mama. "Nilidhani umenivunjia heshima. Kumbe mimi ndiye niliyeficha ugonjwa kwa anayeutibu, na nikadai moto kwa tanuri nisilolitilia kuni. Anayefanya kazi nzito lazima ale, na anayeugua aseme kweli. Haya, nawa mikono, uende."