Mwamba Usiokuwepo Baharini

"Huu mwamba umetoka wapi tena?"

Fundi wa ramani wa makumbusho alikuwa peke yake, anajiuliza na kujijibu. Mezani kulikuwa na ramani ya bahari ya miaka mia mbili, roho ya makumbusho yale, na kwenye mdomo wa ghuba palikuwa na nukta ndogo kama punje ya ufuta. Baharini hakuna mwamba pale. Aliuchora yeye.

Wachoraji wa zamani walikuwa na ujanja huo: unatia kisiwa cha uongo, anayekuibia kazi unamkamata nacho. Naye kila nakala aliyochora aliitia mwamba wake, wala hakumwambia mtu. Ramani hii aliinakili mara moja tu, ya kutundika sebuleni baada ya harusi. Aliyeiomba ni mchumba wake, mtunza stoo wa hapohapo.

Akampigia.

"Mpenzi, ile nakala yetu iko wapi?"

"Iko kwa fundi wa fremu. Kwani vipi?"

"Mbona ninayo hapa mezani?"

Simu ikakatika. Haikupita muda, bwana huyo akaingia, jasho linamtiririka, akafunga mlango.

"Nisikilize, mke wangu."

"Sijawa mke wako bado. Ramani halisi iko wapi?"

"Nimeiuza. Nilifanya kwa ajili yetu! Nani atajua? Mkono wako hauna mpinzani."

"Kwa hiyo wakigundua, mkono ni wangu na mwizi ni mimi."

"Jamani, harusi Jumamosi! Utatuaibisha mbele ya wazazi?"

Alimpenda, msidanganyike. Moyo ulimuuma mpaka akashika ukingo wa meza. Ila sauti hakupandisha.

"Nijibu moja tu. Ulinitongoza kabla ya kuona ninavyonakili, au baada?"

Mwanaume akatazama viatu vyake.

"Baada," akasema. "Lakini nikaja kukupenda kweli. Haki ya Mungu."

"Naamini. Ndiyo maana inauma."

Akampigia mkuu wa makumbusho palepale, akamweleza yote, mwenzake akiwa amesimama tu kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Halafu akamwandikia mama yake:

"Mama, waambie watu harusi haipo. Mimi mzima."

Jibu likaja mara moja:

"Mungu wangu! Kwani hakupendi?"

Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaandika:

"Ananipenda, mama. Ila alichelewa kuanza."