Majina Thelathini ya Jikoni

Jumapili asubuhi mgeni alibisha hodi kwenye hosteli ya wasafishaji, mtaa wa Al Qusais, ughaibuni kwa Waarabu. Rosina alifungua mlango, mwiko mkononi. Mgeni alikuwa binti mwenye kitambulisho shingoni. Alisema anaitwa Khairiya, ni mtu wa Mombasa, na anafanya utafiti wa afya za wafanyakazi. Alikuwa akimtafuta Doris wa chumba cha kumi na nne.

"Doris yuko kazini, hospitali," Rosina alisema. "Niulize mimi."

"Pole, dada. Kura imemwangukia Doris. Nitarudi siku yake ya mapumziko."

"Kwani mimi si mtu?"

"U mtu, tena wa maneno. Lakini nikichukua kila anayejitolea, nitapata wenye maneno tu."

Rosina alicheka, ila moyo haukutulia. Alikwenda kuleta daftari lake. Lilikuwa na majina thelathini, na wote walitaka jambo moja: basi la kuwarudisha liondoke saa kumi na mbili na nusu, si saa mbili usiku. Wasafishaji wa ofisini, Rosina akiwemo, humaliza kazi saa kumi na mbili, kisha husubiri nje kwenye joto. Rosina akifika hosteli, ambako ndiko kuna intaneti, mwanawe Evans kule Tanga ameshalala. Siku sita za kazi haisikii sauti yake. Msimamizi wao, Clifford, alisema atabadilisha saa ikiwa wengi wanataka. Alitaka jibu Jumatatu ya wiki ijayo.

"Uliwauliza wapi hawa?" Khairiya aliuliza.

"Hapa jikoni. Jumapili."

"Na nani hawapo jikoni Jumapili?"

Rosina akayatazama majina. Wa hospitali hawapo. Wao hupumzika siku nyingine, na kazini hutoka saa moja na nusu, nao hupanda basi hilo hilo.

Khairiya alimweleza taratibu. Kuwauliza walio karibu ni sampuli ya urahisi. Ni nyepesi, lakini huwaacha watu nje. Ukiyaandika majina yote na kuyaokota kwa kura, kila mtu ana nafasi sawa. Hiyo ni sampuli nasibu. Ukiokota jina la kuanzia kwa kura, kisha ukachukua kila la sita kwenye orodha, hiyo ni sampuli ya mpangilio. Na watu wakiwa wa makundi tofauti, unayatenga kwanza, kisha unapiga kura ndani ya kila kundi kulingana na ukubwa wake. Hiyo ni sampuli ya matabaka.

"Yako ipi?"

"Ya matabaka," Rosina alisema. "Kura moja yaweza kunitolea wa ofisini watupu."

"Vizuri. Niahidi basi. Jibu litakalotoka ndilo utakalolipeleka."

Rosina aliahidi. Ilikuwa rahisi kuahidi, maana alijua atashinda.

Hosteli ina wanawake mia moja na ishirini: arobaini na wanane wa ofisini, sabini na wawili wa hospitali. Rosina alitumia makopo mawili ya maziwa, moja kwa kila kundi. Aliokota majina manane katika la kwanza, kumi na mawili katika la pili. Wiki nzima alipanda na kushuka ngazi akiwatafuta hao tu.

Wa ofisini wote wanane walikubali. Wa hospitali alikubali mmoja. Tisa kwa kumi na mmoja.

Jumatatu alisimama mbele ya Clifford na karatasi mbili mkononi. Majina thelathini yalikuwa juu. Kidole chake kilicheza pembeni mwa karatasi. Kisha akaikunja hiyo, akaitia mfukoni, akampa ya pili, yenye jibu la kura na sababu za kila upande.

Clifford aliisoma. "Khalas, yamekwisha. Basi linabaki saa mbili. Lakini wa ofisini sikujua mnasubiri nje. Kuanzia leo kaeni ndani, penye kiyoyozi."

Jioni ile basi lilisimama hospitalini. Doris alipanda akichechemea, viatu mkononi.

"Rosina, mtoto umempata?"

"Atakuwa amelala," Rosina alisema, akasogea dirishani ili Doris akae.