Nilikwenda Kuposa Peke Yangu, Nikinuka Bia

Nina miaka arobaini na moja. Sina mke, sina mtoto, na ninaishi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya watu hapa Brampton, pembeni ya Toronto. Msinionee huruma bado... Nisomeni kwanza, halafu mtaamua wenyewe kama nastahili pole au kibao.

Nilikuja Canada peke yangu kutoka Morogoro, bado kijana. Sikuwa na shangazi wala binamu, sikuwa hata na mtu wa kunipokea uwanja wa ndege. Kazi niliipata kwenye ghala la mizigo, na huko ndiko nilikokutana na Baraka, Mtanzania mwenzangu wa Moshi, na Otieno, Mkenya wa Kisumu. Kila mwisho wa wiki tulikuwa pamoja. Mimi nilikuwa na gari, wao walikuwa na maneno. Nikajiambia, hawa ndio ndugu zangu!

Kisha nikampata Furaha...

Alikuwa msichana wa Kikongo, wazazi wake wametokea Bukavu, wanaishi kwenye maghorofa ya mtaa wa Dixon, hapa Toronto. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee. Akicheka, hata uwe umechoka namna gani, utacheka naye tu. Nilimpenda, jamani! Alipokubali niende kwao, baba yake alitoa sharti moja: nisije peke yangu, nije na watu wangu. Kwao, kama kwetu, mwanaume hajiposei. Anakaa kimya, mshenga wake ndiye anayesema.

Nikamwomba Baraka awe mshenga wangu. Alinikumbatia, akauliza nani mwingine angeweza kama si yeye. Hata baba yangu mdogo alimpigia simu kutoka Morogoro, akamwambia kuanzia leo wewe ndiye baba wa huyu mtoto huko ugenini. Baraka akaitikia "ndiyo mzee, ondoa shaka" kwa heshima zote. Baada ya simu ile nililia kidogo, nikiwa chooni, wasinione.

Mambo yaliharibika wiki ile ile. Otieno alikuwa ameshanunua tiketi za tamasha la bia la majira ya baridi, katikati ya jiji, Jumamosi hiyo hiyo ya posa. Wakanituliza. Tutaingia mchana, tutaonja kidogo, tutatoka mapema, jioni tuko kwa wakwe. Moyo wangu ulikataa. Lakini unawagombezaje watu wawili pekee ulio nao nchi nzima? Nikasema sawa.

Siku ile theluji ilikuwa inaanguka taratibu. Mimi nilivaa suti yangu mpya ndani ya jaketi zito. Getini waliwafunga wenzangu mikanda myekundu ya karatasi mkononi, mimi nikafungwa wa kijani. Ulikuwa mkanda wa dereva: unakunywa soda bure, bia hupewi. Otieno alicheka.

"Buda, leo wewe ndio dere wetu!"

Wazungu walikuwa wamejaa uwanjani na kofia zao za sufu, wamezunguka mioto, kila mtu na kikombe kidogo. Kulikuwa na bia nyeusi tii, na nyingine imetiwa utomvu mtamu wa miti ya huku. Baraka akaanza kunitangaza kwa kila mtu kwamba huyu ndugu yangu anaposa leo! Watu nisiowajua wakaninyanyulia vikombe. Mama mmoja wa Kizungu akanibusu shavuni na kunitakia watoto wengi. Nakiri kwamba nilikuwa na raha. Tangu nifike Canada, sikuwahi kupongezwa na watu wengi namna ile!

Saa tisa nikasema twendeni. Baraka akasema kikombe kimoja tu. Nikasubiri... Theluji ikazidi, nami nikajua barabara zitakuwa ngumu. Nikasema tena twendeni. Otieno akasema wazee watangoja, kwani wanaenda wapi? Simu ikalia. Alikuwa Furaha, ananiuliza tumefika wapi, mama yake anataka kuanza kupakua. Nikamdanganya kwamba tuko njiani.

Nikamshika Baraka mkono kumvuta. Hakuwa amelewa sana, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alinitazama vizuri usoni.

"Kaka, punguza presha. Waambie theluji, waahirishe."

Nikamkumbusha aliyomwahidi baba mdogo. Akauchomoa mkono wake kwa nguvu, na kikombe kizima kikanimwagikia kifuani.

"Kwani mimi ndugu yako? Tunafanya kazi pamoja tu, basi. Usinibebeshe ukoo wako!"

Otieno akatazama pembeni.

Nilitembea hadi kwenye gari, nikaendesha peke yangu kwenye theluji ile huku machozi yananizuia kuona. Ningefanya nini? Ningerudi nyumbani wakati binti wa watu ameshavaa kitenge ananisubiri?

Mlango ulifunguliwa na mama yake. Sebuleni wajomba na shangazi walikuwa wamekaa mstari mmoja, na mbele yao viti vimepangwa kwa ajili ya watu wangu. Vyote vitupu! Nilipompa baba yake mkono, aliuona ule mkanda wa kijani, na harufu ya bia ikajaa chumba. Walokole wale! Sikuwa nimeonja hata tone, lakini nani angeamini?

"Ulikuya peke yako?" baba aliniuliza kwa upole. "Batu yako iko wapi?"

Nikaanza kujieleza, nikaanza kujiposea mwenyewe. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, sikukatai. Lakini siku mutagombana na huyu mutoto, nitaita nani?"

Nani angeitwa? Nani?

Hawakunifukuza. Walinipa fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu chao, nikala peke yangu kwenye kimoja cha viti vile huku ukoo mzima unanitazama. Furaha hakutoka chumbani. Nilimsikia tu akilia nyuma ya mlango.

Jumatatu, Baraka na Otieno walinilaumu kazini kwamba niliwatelekeza kwenye baridi bila usafiri. Eti mimi ndiye msaliti!

Furaha alinipigia simu, akaniambia baba yake bado ananisubiri, nitafute watu wengine nirudi. Nikaitikia. Lakini watu gani? Aibu ikanishika. Niliacha kazi ile, nikawa sipokei simu zake, siku zikawa miezi... Mwaka uliofuata aliolewa na kijana wa kwao, wakahamia Ottawa.

Baadaye sana, kwenye duka la vyakula vya nyumbani, mama mmoja wa Tanga, Mama Zawadi, aliniuliza mbona sioi. Miaka yote tulikuwa tunakutana pale, nampa shikamoo na kupita haraka nikiogopa maswali yake. Siku hiyo, sijui kwa nini, nikamweleza yote. Aliweka chini mfuko wake wa unga.

"Mwanangu, mbona hukusema? Mimi na mzee wangu tungekuja. Ungetuambia saa tu."

Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari, nikalia hadi vioo vikaingia ukungu.

Ndugu msomaji uliye ugenini, nakusihi. Usimwite ndugu mtu ambaye hata siku moja hajakuuliza umekula nini. Na usiwakwepe wanaokuuliza maswali mengi, kwa sababu hao ndio wanaokujali. Bisha hodi kwao leo, kabla hujawa na shida. Ukiwa nayo, sema, hata kama unaona aibu! Mimi watu nilikuwa nao. Sikuwaambia tu.